Fahamu Inayokwenda na Kurudi

Siku ya nne tangu aletwe hospitali ya misheni akiwa na kichomi, Bi Mwanakheri aliamka akiwa na nguvu za kutosha kugombana. Ilikuwa Jumatano. Homa ilikuwa imeshuka, na Ijumaa baada ya swala viwanja vya kijiji kipya cha Umoja vingegawiwa. Katibu wa kijiji alikuwa ametangaza kwamba kila mwenye kaya asimame mwenyewe na kutia dole gumba lake. Asiyekuwepo angepewa kitakachobaki. Tangu wafiwe na waume zao, Bi Mwanakheri na mdogo wake Mwamvua walikuwa wakipikia jiko moja. Kiwanja kilichopakana na cha mdogo wake ndicho kitu pekee alichokitaka kwa serikali.

Kilichomzuia ni karatasi ya Verdiana.

Verdiana alikuwa mwanafunzi wa udaktari kutoka Dar es Salaam, aliyekuja kwa mafunzo ya miezi miwili. Alikuwa ameona wazee wakipona ugonjwa uliowaleta, kisha wakaanguka njiani kwenda msalani, au wakachubuka migongo kwa kulala, au wakachanganyikiwa na kufa kwa jambo ambalo hakuna aliyelitazama mapema. Kwa hiyo alitunga maswali, na Mganga Mkuu akayakubali. Kila aliyepita miaka sitini aliulizwa na kutembezwa hadi mlangoni. Aliyekosa alilazwa karibu na meza ya wauguzi, vyuma vya kitanda vikapandishwa pande zote mbili, wala hakuruhusiwa kwenda nyumbani. Bi Mwanakheri, aliyefika akiweweseka kwa homa, alikuwa amelazwa hapo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kunifungulia zizi?"

Verdiana alicheka. "Maswali kwanza. Leo ni siku gani?"

"Jumatano. Keshokutwa niko kwangu."

"Unaishi wapi?"

"Mikwambeni."

Kalamu ikasita. Kadi ya mapokezi ilisema Umoja. Karani aliiandika hivyo kwa agizo la wilaya, agizo ambalo Verdiana hakulijua.

"Hebu fikiri tena, bibi."

"Nifikiri nini? Nimezaliwa Mikwambeni, nimezalia Mikwambeni. Umoja ni vigingi na kamba. Nani anaishi kwenye kamba?"

Verdiana hakutaka kumhukumu mtu kwa kadi tu. Saa ya kutazama wagonjwa ilipofika, alimwendea Mwamvua kwa adabu, karatasi mkononi.

"Shikamoo, mama. Samahani, huyu dada yako anaishi wapi?"

Mwamvua aliitazama ile karatasi yenye mistari. Wiki iliyopita watu wenye karatasi kama hiyo walipita Mikwambeni wakiandika majina ya wakaidi waliokataa kuhama.

"Umoja," alijibu upesi. "Tumeshahamia, mwanangu. Wote, kwa moyo mmoja."

"Mwamvua!"

"Dada anaumwa," Mwamvua alisema, huku akimfinya mguu juu ya blanketi. "Usimsikilize."

Verdiana alipoweka alama ya kosa na kuondoka, Bi Mwanakheri alimvuta mdogo wake kwa ncha ya khanga. "Unanizika mzima, wewe!"

"Nakuokoa. Au ulitaka uandikwe mkaidi?"

"Yule anapima wagonjwa!"

"Wote wana karatasi, dada. Nitajuaje ipi ya nini?"

Alhamisi asubuhi Bi Mwanakheri aliamua kulimeza neno lenyewe. Alipoulizwa anaishi wapi, alijibu, "Umoja. Kijiji cha Umoja," akatabasamu kama mtoto anayesubiri peremende.

Uso wa Verdiana uling'aa, kisha ukafifia. "Jana ulisema Mikwambeni."

"Jana nilikuwa mgonjwa."

"Ndiyo, bibi. Hilo ndilo linalonitia hofu." Alivuta kigoda akaketi, akaeleza polepole. Fahamu ya mzee ikipotea kabisa, kila mtu huona. Inayokwenda na kurudi ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu mgonjwa huongea vizuri asubuhi, akaruhusiwa, na jioni akaanguka kisimani. Mtu wa namna hiyo huangaliwa siku tatu.

Bi Mwanakheri alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. "Nisikilize. Jana nilisema kweli. Leo nimesema uongo, kwa kuwa uongo ndio uliokuwa unautaka." Akamweleza yote: vigingi, dole gumba, jiko, hofu ya Mwamvua.

Verdiana alisimama bila kuandika kitu, akaenda na kadi ofisini kwa Mganga Mkuu. Aliporudi hakumtazama usoni.

"Mganga Mkuu anasema jana ulitoa jibu moja, leo mawili. Akanisomea kanuni yangu mwenyewe. Hadi Jumapili."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nakuamini, bibi."

"Basi shusha chuma."

Mkono wa Verdiana ulifika kwenye komeo, ukabaki pale. Mwezi uliopita alikuwa amemwamini mzee mwingine, Lukasi, aliyeongea vizuri vilevile, na ni Verdiana mwenyewe aliyemkuta ameanguka sakafuni. "Na kama nimekosea?" aliuliza kwa sauti ndogo. Kisha akaondoa mkono.

Ijumaa ikapita. Bi Mwanakheri alikula uji, akachomwa sindano, akajibu maswali yote bila kosa.

Jumamosi Mwamvua alikuja na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Niliwaambia nitatia dole mara mbili, langu na lako. Katibu akasema dole moja, kaya moja. Watu wakacheka."

"Kando yako wamemweka nani?"

"Yeremia."

"Yule wa nguruwe?"

"Huyohuyo. Ameshaanza kujenga banda lao kabla ya nyumba yake."

Bi Mwanakheri alitaka kucheka, kikohozi kikamzuia. "Na mimi?"

Mwamvua alikunja ncha ya khanga, akaikunjua. "Safu ya mwisho. Ng'ambo ya korongo."

"Nikiwasha moto, utauona moshi?"

"Kiangazi nitauona. Nitavuka nije tupike."

"Na masika, korongo likijaa?"

Mwamvua alianza kumpangusa dada yake jasho la shingoni, taratibu, kwa upande wa khanga usio na vumbi.