Jozi Saba za Arusi ya Sintija

Maruta alianza jozi ya kwanza wiki moja baada ya Jāņi, sikukuu ya katikati ya kiangazi, na aliifumia jikoni, mlango umefungwa na redio inapiga kelele, kama mtu anayepika gongo. Mumewe Imants alipouliza kulikoni, alijibiwa akatazame nyuki wake.

Mambo yalikuwa hivi. Mwana wao Edvarts alikuwa anaoa mwisho wa Septemba, na kwa desturi ya kwao biharusi huwagawia ndugu wa mume glavu alizofuma kwa mkono wake mwenyewe, zile glavu nene za sufu zisizo na vidole ila gumba tu. Biharusi mwenyewe, Sintija, hakujua kufuma hata kitambaa cha kushikia sufuria. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia huko Riga, na wateja wake walitafuna mifupa bila wasiwasi. Mikono anayo, asikwambie mtu. Lakini mpe sindano tano za kufumia na uzi wa rangi tatu, utamwonea huruma.

"Mama, si tununue tu?" alikuwa ameuliza Sintija mwezi wa tano. "Sokoni Kuldīga wanauza nzuri sana. Nitasema wazi kwamba nimenunua."

"Za kununua! Zenta atazijua toka getini."

"Sasa akizijua?"

"Mwanangu, wewe humjui Zenta. Nitafuma mimi, utagawa wewe, yamekwisha."

"Na akiniuliza nimefumaje?"

"Tabasamu. Biharusi anayetabasamu haulizwi maswali."

Sintija alinyanyua mabega. Hakupenda, na uso wake haukuficha, ila kubishana na mama mkwe kabla hata ya arusi aliona si vizuri.

Zenta alikuwa dada mkubwa wa Imants, mwanamke wa miaka sabini na nne, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, anayeishi ng'ambo ya barabara katika nyumba aliyozaliwa. Miaka thelathini na mitano nyuma Maruta alikuja hapo kama biharusi kutoka Latgale, upande wa mashariki, na glavu alizofuma kwa michoro ya kwao. Zenta alizipokea zake, akazigeuza ndani nje mbele ya watu wote, akatazama mafundo, kisha akauliza, "Kwenu huwa mnawafumia ng'ombe?" Watu walicheka mpaka bia ikawatoka puani. Tangu siku hiyo Maruta akawa Yule wa Glavu za Ng'ombe. Miaka kumi jina halikubanduka. Alijifunza michoro yote ya Kurzeme, upande wa kina Zenta, kwa hasira, akafuma, akafumua, akafuma tena, mpaka wanawake wa parokia nzima wakawa wanamletea kazi zao awarekebishie. Zenta naye aliacha kumcheka. Kumpenda, hapana. Huo ni mlango ambao Maruta aliugonga mpaka akachoka.

Kwa hiyo hakuwa tayari kumwona Sintija akipewa jina mchana mmoja na kulibeba mpaka uzeeni. Hilo tu. Mengine ya arusi, wapiga muziki, keki, aliwaachia wenyewe.

Jozi ya Imants ilitoka vizuri. Ya Laila, dada wa bwanaarusi, ilitoka vizuri zaidi. Maruta aliiweka mezani, akaizunguka, akajipikia kahawa kwa ajili yake. Jozi ya tatu ilimtesa. Uzi mweusi uliisha katikati ya gumba, akaenda kununua mwingine duka lile lile, lebo ile ile, na alipofika nyumbani akaona huu mpya una ukijani kidogo. Muuzaji akamwambia kwa simu kwamba hakuna mtu atakayeona. Maruta alimwambia kwamba yeye mwenyewe ni mtu na ameona, akakata simu, akafumua glavu nzima. Jozi ya nne paka aliilalia ikiwa na unyevu, manyoya yakaingia ndani ya vitanzi, akakaa siku mbili anayang'oa kwa kibano cha nyusi huku akimtukana paka na ukoo wa paka. Ya tano na ya sita zilienda haraka, kama kulipiza. Mojawapo ilikuwa yake mwenyewe. Ndiyo, alikuwa anajifumia zawadi atakayopewa na mkamwana na kuishangilia kana kwamba haijui. Alipofikiria hilo alicheka peke yake jikoni.

Ya saba ilikuwa ya Zenta, na kwa hiyo Maruta alichagua mchoro mgumu kuliko yote, nyota ndogo ndogo nyeupe na nyekundu zisizoachiana nafasi, upande wa kiganja sawasawa na upande wa juu. Uzuri wa mchoro huo ni kwamba hauna mbele wala nyuma. Ubaya wake pia ni huo huo, maana mpaka unapofika mahali pa gumba glavu haijui ni ya mkono gani. Wewe ndiye unayeiambia, kwa kuingiza kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye sindano ya kwanza au ya pili. Maruta alikuwa amefanya hivyo mara mia tano maishani mwake. Glavu ya kwanza aliimaliza salama. Ya pili aliifikisha gumba siku aliyopigiwa simu na mwenye hema, aliyedai eti hema waliloagiza limepasuka na atawaletea dogo zaidi. Maruta alibishana naye nusu saa nzima, simu imebanwa begani, vidole vikiendelea na kazi. Hema kubwa likapatikana. Alifurahi sana kwa ushindi huo.

Akazifua zote kwa maji ya uvuguvugu, akazikausha juu ya taulo. Glavu mbili za Zenta alizilaza viganja juu, moja juu ya mwenzake, zikalaliana bila kupishana hata kidogo, ukingo kwa ukingo, gumba juu ya gumba. Alizitazama akaridhika kabisa. Masikini, hapo hapo ndipo alipopaswa kushtuka.

Kuzijaribu hakujaribu. Nyumba hiyo ilikuwa na mwiko wake, urithi wa mama yake Imants: glavu ya zawadi haivaliwi na mkono mwingine kabla ya mwenyewe kuivaa. Maruta aliushika mwiko huo kuliko wenyeji walioukuta. Alifunga kila jozi kwa uzi mwekundu, akampa Sintija kapu, akamfundisha majina ya michoro mpaka yakamkaa kichwani.

Arusi yenyewe ilikwenda vizuri. Siku ya pili, mchana, baada ya mbaazi za kijivu na nyama ya nguruwe, biharusi alisimama na kapu lake kugawa. Hema lilijaa. Imants alipokea, akavaa, akapiga makofi akiwa nazo ikatoka sauti ya mito inayokung'utwa vumbi, watu wakacheka kwa furaha. Laila akavaa. Maruta akavaa zake, akapaza sauti, "Jamani, tazameni vitanzi hivi!" na kwa kweli vitanzi vilistahili. Sintija alitabasamu kama alivyofunzwa. Kisha akafika kwa Zenta.

Zenta alifungua uzi mwekundu taratibu. Akazigeuza ndani nje. Maruta alijikaza kisabuni, mikono mapajani, akihesabu pumzi. Zenta akatazama mafundo, akayavuta kwa ukucha, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na Maruta akaanza kushusha mabega. Zenta akazirudisha, akavaa ya kushoto. Ikakaa. Akavaa ya pili, akaitazama, akaivua, akaivaa tena. Gumba la glavu lilikuwa limesimama mgongoni mwa mkono wake, tupu, likielekea paa la hema.

"Lo!" akasema Zenta, na sauti yake ilifika mpaka kwa wapiga muziki. "Za kushoto zote mbili! Jamani, mimi nimeona mabwanaarusi wenye miguu miwili ya kushoto, wakicheza, lakini hii?"

Hema zima likapasuka kwa kicheko. Aliinua mkono, gumba likaning'inia, wakacheka tena. Mjomba mmoja alipiga kelele kwamba meno ya watu wa Riga lazima yanatazama nyuma. Edvarts hakucheka, alimwangalia mama yake. Alijua, maana siri ya jikoni hakufichwa.

Sintija alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Nimekosea, shangazi," alisema. "Niwie radhi."

Na Maruta akanyamaza. Tuseme ukweli wake: alinyamaza kwanza kwa sababu alipigwa na butwaa, lakini baadaye alinyamaza kwa sababu nyingine. Kosa la mtoto wa darasa la tatu. Mwanamke wa parokia nzima, wa kuletewa kazi, kakosea gumba! Watu zaidi ya sitini walikuwa wanacheka, na hakuna aliyekuwa anamcheka yeye. Alikaa ndani ya raha hiyo ya aibu muda wa mtu kunywa glasi ya bia nusu. Kisha akaona Sintija ananyoosha mkono kuichukua glavu, na mkono unaikosa, ule mkono usiokosea hata jino. Akasimama.

"Acheni," alisema. "Zile nimefuma mimi. Zote, jozi saba. Huyu mtoto hajagusa sindano. Kosa ni langu."

Zenta alimkodolea macho. Maruta alisubiri kicheko kimgeukie. Alikuwa amejiandaa, alikitaka kabisa kije kiishe.

"Wifi," akasema Zenta polepole, "keti."

"Nasema kweli."

"Keti, bwana! Wewe? Wewe ukosee gumba? Wewe uliyefumua fulana nzima ya Imants kwa kitanzi kimoja cha kwapani? Mtanie mwingine." Akawageukia watu. "Mmeona mama mkwe huyo? Anajitwika kosa la mkamwana wake mbele ya watu wote! Miaka yote hii nilidhani ni mkavu."

Wakapiga makofi. Wakapiga makofi wamesimama, baadhi yao wanafuta macho, na mjomba wa meno akaja kumkumbatia. Maruta alisema "sikilizeni," akasema tena, na kila aliposema walimpenda zaidi. Kulikuwa na njia moja tu ya kuwathibitishia: kumpa Sintija sindano pale pale na kumwambia afume vitanzi kumi. Alimtazama. Sintija alitikisa kichwa, kidogo sana.

"Kaa, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Basi."

Maruta akakaa.

Zenta alikuwa amekwisha kumvuta biharusi kando yake kwenye benchi, bado kavaa ile glavu ya gumba juu. "Mafundo yako mazuri, nakwambia wazi. Gumba ni mazoea tu. Mimi jozi yangu ya kwanza niliiwekea gumba moja tu kati ya mbili, mama akanichapa nayo. Utakuja kwangu Jumamosi. Kila mkija kijijini, Jumamosi ni yangu. Sawa?"

"Sawa, shangazi," akasema Sintija.

Hakusema kwa adabu tu, alienda. Walikuja kutoka Riga kila baada ya wiki mbili, Edvarts akapasua kuni na baba yake, na Sintija akavuka barabara baada ya chakula cha mchana na kurudi jioni ananuka mkate wa karoti wa Zenta. Wiki za kwanza ilibidi ajifanye amesahau yote, Zenta akaamini ni woga. Dirishani kwake Maruta aliona taa yao na vichwa viwili vimeinamiana. Alijaribu mara moja. "Ukitaka mimi pia naweza kukufundisha," alisema akiosha vyombo. Sintija akasema asante mama, lakini shangazi atasikia vibaya. Ilikuwa kweli, na Maruta akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kung'aa. Usiku ule Maruta alimwambia Imants kwamba ana wivu, kwa neno hilo hilo, na Imants akasema ni jambo la kupita.

Alichokitaka alikipata, na zaidi. Zenta alimwita Sintija "binti yangu" dukani. Hakuna aliyempa jina baya. Kanisani Zenta alikaa katikati ya bwana na bibi, na zile mbili za kushoto alizitundika ukutani juu ya redio, akimwonyesha kila mgeni na kucheka kwa mapenzi.

Februari, siku ya kuzaliwa ya Maruta, Sintija alimletea kifurushi cha karatasi. Ndani mlikuwa na glavu, za kijivu na nyeupe, ukingo wa mawimbi aina ya Zenta. Maruta alivaa miwani. Akazigeuza ndani nje kabla hajajizuia, akavuta mafundo kwa ukucha, akahesabu vitanzi vya gumba, akatafuta mahali uzi ulipokazwa mno. Alitafuta kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Edvarts alikohoa.

"Umefuma mwenyewe?" aliuliza Maruta.

Alilisikia swali likitoka, akatamani kulimeza. Sintija alimtazama, bila hasira, kama anavyomtazama mgonjwa anayeogopa kufungua mdomo.

"Ndiyo, mama," alisema. "Muulize shangazi."