Kaburi la Anaeli

Ukoo ulikataa kaka yangu Anaeli azikwe kwenye kihamba cha baba, shamba letu la urithi. Jeneza lilikuwa limeshafika uani kutoka Moshi mjini, watu wameshakaa, mvua ya Mei inadondoka juu ya migomba, na kaburi halijachimbwa.

Vijana wa ukoo walisimama na majembe, wakimtazama baba mkubwa Basili. Yeye alikuwa ameweka kiti chake pale pale palipopimwa pa kuchimba, kando ya kaburi la baba, fimbo katikati ya magoti.

"Huyu alikuja mgongoni," alisema. "Mrudisheni mjini, Pasua, alikokuwa anauza mitumba. Huko nako watu wanazikwa."

Ni kweli alikuja mgongoni. Mama aliolewa akiwa na Anaeli tayari, na aliyemzaa hatukuwahi kumjua. Baba alimpa jina lake. Kila Krismasi tulipochinja, alimkatia fungu la nyama la mtoto wa kwanza, mbele ya ndugu zake wote, na hakuna aliyefungua mdomo. Lakini sasa baba hayupo, ulikuwa mwaka 1994, kahawa haina bei, na ardhi ya mlimani haiongezeki. Kwetu, mtu akishazikwa kihambani, watoto wake hawaondoki tena. Anaeli aliacha mjane, Kindness, na wana wawili.

Kihamba kilikuwa changu, mimi kitindamimba. Kwa hiyo baba mkubwa alikuwa ananitetea.

"Eliezeri, wewe nyamaza tu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nitachukiwa mimi. Shamba litabaki lako."

Nilimtazama Kindness. Alikuwa amekaa chini kwenye majani makavu ya migomba, mtoto huku, mtoto huku. Halii. Alikuwa anangoja kuambiwa watoto wake ni wa nani.

Zamani, jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, baba alikuwa anatusomesha Biblia kwa zamu. Mimi niliishia darasa la nne, na yale majina ya mwanzo wa Mathayo yalinitesa kama kupandisha mzigo wa majani kwenye utelezi. Siku moja nikaruka kadhaa. Baba akanirudisha mwanzo.

"Hao ni watu," alisema. "Ukimruka mmoja, wote wanaomfuata umewanyang'anya baba."

Anaeli ndiye aliyeninong'oneza majina mpaka nikafika mwisho.

Nikamwendea mwinjilisti Yoramu, aliyekuja kuongoza maziko. "Soma Mathayo. Mwanzo kabisa."

"Hilo si somo la msiba, Eliezeri."

"Soma."

Akasoma, kwanza kwa kusitasita. Alipomtaja Tamari, bibi mmoja akaguna. Akaja Rahabu. Akaja Ruthu, mgeni wa kabila jingine, na mke wa Uria. Wanawake ambao ukoo wowote ungewapitia kimya kimya, na hapo hakuna aliyerukwa. Alipofika kwa Yusufu nikamsimamisha.

"Baba mkubwa, ukoo wote huo, tangu Ibrahimu, unamfikia Yesu kwa kupitia nani?"

"Yusufu. Hata mtoto wa shule ya Jumapili anajua."

"Yusufu alimzaa?"

"Leo darasa la nne linahubiri!" mtu akasema kule nyuma. Wachache wakacheka, wakaacha.

 Baba mkubwa alikaza mkono kwenye fimbo.

"Mungu amewataja baba wote hao," nikasema, "halafu akamalizia na mwanamume aliyekubali tu kuitwa baba. Kama hiyo haitoshi kwa Anaeli, mwinjilisti afunge kitabu, kila mtu aende zake."

 Kisha mzee akainuka, akakivuta kiti chake pembeni.

"Chimba mwenyewe," alisema. "Na ujue unachochimba."

Akaondoka. Vijana wakaweka majembe chini, wakamfuata. Nikaokota jembe, nikaanza kuchimba, na mwinjilisti Yoramu akavua koti, akaingia shimoni pamoja nami.

Nusu ya kihamba ilikwenda kwa wana wa Anaeli, ile nusu ya chini yenye kahawa nzuri. Zamu yangu ya maji ya mfereji ukoo uliwapa wengine. Majani ya mifugo hayakutosha tena, na mke wangu Eliaichi akauza ng'ombe wake wa maziwa. Muda mrefu hakunisamehe. Baba mkubwa alifariki bila kusema nami. Binti yetu alipoolewa, viti vya upande wa baba vilikaa vitupu, nikasimama kumkabidhi peke yangu.