Mimi Niko Msambweni

Shemeji yangu Twahir hajawahi kusema uongo. Muulize mtu yeyote kuanzia Msambweni hadi Ukunda atakwambia hivyo, na wengine watakuapia. Watu wakisafiri humwachia funguo za nyumba zao. Wajane humwekesha dhahabu. Msikitini yeye ndiye mweka hazina tangu kabla sijaolewa katika ukoo ule, na haijapotea hata senti ya sabuni. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani namsingizia.

Mume wangu Kibwana ni mdogo wake. Kibwana alikuwa fundi wa kanzu, na nikisema fundi simaanishi wale wa kupiga mshono mmoja ulionyooka kisha wakaomba pesa. Alidarizi shingo za kanzu kwa mkono, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, kazi ambayo ukiwa mbali huioni na ukiikaribia unanyamaza. Watu walitoka Mombasa kuja kumpa kazi za Idi. Kisha sukari ikamshika. Ilikula jicho la kushoto polepole, yeye akidhani ni uchovu, na tuliposhtuka lilikuwa limekwisha. Halafu la kulia nalo likaanza. Daktari wa Mombasa alitueleza kwamba pazia la ndani ya jicho lilikuwa linabanduka kutoka pembeni, na likibanduka hadi katikati hataona tena. Akatutajia hospitali moja India wanakopasua macho yaliyofika pabaya kama lile.

Watu walichanga, na kwa hilo sina neno nao. Walichanga wavuvi, wauza mboga, walimu wa chuoni, na vijana wa hoteli za Diani ambao Kibwana aliwashonea kanzu zao za harusi. Ikabaki swali la nani ashike pesa. Mimi nauza leso kando ya barabara kuu, na biashara imenifundisha mambo yake: nina akaunti yangu, nina kadi yangu, na namba yangu ya siri naibonyeza bila hata kutazama. Nikasema ziwekwe kwangu, maana mimi ndiye ninayesafiri na mgonjwa. Wazee walitabasamu. Shangazi yake Kibwana akanivuta pembeni, akanieleza kwa upole kwamba pesa za watu hazikai kwa mke wa mgonjwa. Zikipungua watasema, na zisipopungua pia watasema. Pesa za namna hiyo hushikwa na mkubwa wa ukoo, akamaliza, na mimi nikafunga mdomo.

Twahir alifungua akaunti mpya kwa jina lake, akapewa kadi yenye jina lake. Asubuhi ya safari alikuja nyumbani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanikabidhi kadi ndani ya bahasha na kuninong'oneza namba ya siri sikioni, kana kwamba ananisomea dua. Akaniambia hii ni amana, nisimtajie mtu. Hakuna aliyewaza kwamba benki ingepaswa kuarifiwa kuwa kadi inasafiri huku mwenyewe anabaki. Kwetu sisi amana hutoka mkono huu ikaingia mkono ule, na watu wa nyumba moja hawaulizani karatasi.

Mwanzoni kadi ilikwenda vizuri. Nililipia chumba tulichopanga jirani na hospitali, nikalipia dawa za matone, nikalipia vipimo. Kila mashine ilipotema risiti nilisema alhamdulillahi kwa sauti, na Kibwana akinicheka. Alisema nikirudi nyumbani nitawadharau wateja wanaolipa kwa sarafu. Alikuwa na furaha, maskini.

Daktari alipomaliza kumpima alituambia pazia limekaribia katikati, apasuliwe kesho yake asubuhi, na malipo yafanywe siku hiyohiyo. Kibwana alitaka kujua jambo moja tu, nami nikamtafsiria: ataweza kutunga uzi kwenye sindano? Daktari alijibu kwamba akipasuliwa kesho, ataweza. Nikateremka ngazi mbio hadi dirisha la malipo.

Karani aliichomeka kadi, nikabonyeza namba, mashine ikakataa. Akaifuta kwa shati lake akajaribu tena, ikakataa tena. Nikampigia Twahir. Akaniambia mashine mara nyingine husumbua, nijaribu baadaye, pesa za upasuaji zipo zote hazijaguswa. Nikajaribu alasiri. Nikajaribu kabla dirisha halijafungwa. Kila nilipompigia sauti yake ilikuwa ileile ya upole, na neno lake lilelile: jaribu tena.

Kesho yake Kibwana alivikwa vazi la upasuaji, akakaa nalo hadi adhuhuri, kisha wakamvua. Dirishani karani alipiga simu mahali, akazungumza kwa muda, akarudi na askari wa mlangoni. Akaniuliza jina lililo kwenye kadi ni la nani. Nikasema la shemeji yangu.

"Mwenye kadi ameiambia benki yake kwamba hayuko India," akasema. "Kwao, hii kadi imeibwa."

Nilihisi watu wote wa foleni wakinitazama, mimi na buibui langu na mkoba wangu nimeukumbatia. Nikaeleza: ni kaka wa mume wangu, amenipa mwenyewe, nimeijua namba kwa sababu amenitajia yeye. Karani akasema basi azungumze na benki yake wafanye mpango. Kisha akachukua mkasi, akaikata kadi vipande viwili mbele yangu, akavitia kwenye droo.

Nilimpigia Twahir nikiwa palepale. Nikamwambia benki wamekosea, wamedhani yeye ndiye aliyelalamika, aende Ukunda upesi awaeleze. Akasema, "Inshallah, nitakwenda." Ilikuwa Ijumaa, na yeye ana shughuli zake za msikiti. Jumamosi akasema amechelewa. Jumapili benki haifunguliwi.

Kibwana hakulalamika. Alikaa kwenye kitanda cha chumba tulichopanga, uso akiuelekeza kwangu, na kila asubuhi alinieleza ananiona mpaka wapi, kwa kuwa kiza kilikuwa kinapanda kutoka chini. Mwanzo aliniona kuanzia kidevu kwenda juu. Siku iliyofuata akasema kidevu kimekwenda, midomo imekwenda, anaiona pua. Halafu akasema ananiona paji la uso na ukingo wa mtandio. Nikajikuta nasimama mbele yake kwa ncha za vidole, nikitafuta mahali ambapo bado ningekuwemo machoni mwake. Siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Dada yangu Nusra, anayeishi Shimoni, aliuza bangili zake za harusi akanitumia pesa. Zilipofika nilizipeleka dirishani, nikalipa, na yule karani akazihesabu bila kunitazama. Daktari akamwita Kibwana, akamulika jicho kwa muda mrefu, kisha akaizima taa yake. Akasema kupasua sasa ni kumuumiza bure. Tulirudishiwa pesa za Nusra, tukarudi nyumbani.

Tulipofika Msambweni niliacha siku chache zipite, wageni wapungue. Kisha nikaenda kwa Twahir, nikamkuta barazani kwake anapanga misahafu ya msikiti. Nilitaka kujua benki walikoseaje, maana hivyo ndivyo nilivyomwambia Kibwana na watu wote. Hakunizungusha, hilo lazima niliseme. Mtu hasemi uongo.

Alisema binti wa benki alimpigia siku ile nilipokwenda kulipia upasuaji. Aliitwa Mercy, mtu wa bara, mpole wa maneno. Akamwambia kuna malipo makubwa yanajaribiwa India kwa kadi yake, akamuuliza kama yeye yuko huko.

"Nikamwambia mimi niko Msambweni," akasema Twahir.

"Basi?"

"Basi. Akasema ataifunga kadi, nikamwambia sawa. Sasa ulitaka niseme uongo, Mwanatumu? Niseme niko India na ilhali nimeketi hapa?"

"Ungesema kadi anayo mke wa ndugu yako."

Akauweka chini ule msahafu aliokuwa nao. Alisema benki hawaruhusu mtu kumpa mwingine namba yake ya siri, walimuonya siku alipopewa kadi na akatia sahihi. Angemwambia yule binti kwamba ameitoa, wangemwona mtu asiyeweza kutunza amana. Yeye, mweka hazina wa msikiti, ambaye akaunti ya msikiti nayo iko benki hiyohiyo. Alidhani mambo yatajitengeneza. Alidhani hospitali zina huruma, watapasua kwanza. Na siku zilivyozidi kupita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kwenda kueleza.

Nikamuuliza kwa nini aliniambia nijaribu tena, na alijua. Akanijibu kwamba kujaribu si uongo.

Nilimchukia pale pale, na bado namchukia. Nilitamani angekuwa mwizi. Mwizi angekula pesa, angekimbilia Mombasa, watu wangemlaani, mimi ningepumua. Huyu alikuwa amekaa kwenye mkeka wake safi, hajaongopa hata neno moja, na mume wangu yuko nyumbani anapapasa ukuta kutafuta choo.

Nilipoinuka kuondoka alinishika kwa maneno. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hayo pia yalikuwa ya kweli.

"Kibwana ameshapoteza macho," akasema. "Usimpotezee na ndugu."

Nilikwenda nyumbani nimekusudia kusema yote. Nilimkuta Kibwana amekalia kiti chake cha kazini, mkono juu ya cherehani, akanisikia nikiingia, akaniuliza kama Twahir hajambo. Alisema tangu aanze kuumwa ni kaka yake pekee ambaye haoni haya kumwegemea. Nikasema hajambo, anasalimia.

Baadaye Twahir aliwaita wachangaji nyumbani kwetu. Alitandika mikeka, akaleta na taarifa ya benki, akaisoma yote. Pesa za chumba, dawa na vipimo zilikuwa zimetoka. Nyingine zote zipo. Yuko tayari kumrudishia kila mtu chake. Watu wakatikisa vichwa kwa mshangao. Wakasema mashallah, mchango unaorudi haujapata kuonekana. Muuza samaki mmoja alilia. Wakakubaliana pesa zisirudi, ziwe za kumtunza Kibwana kidogo kidogo, na wakauliza nani azishike. Kibwana alikuwa wa kwanza kujibu.

"Na ashike kaka yangu," akasema. "Nyote mmejionea alivyo."

Kisha akanigeukia, au akageukia upande aliodhani nipo, akaniambia nimshukuru shemeji kwa niaba ya nyumba. Mkeka mzima ukaningojea. Twahir alikuwa anatazama vidole vyake. Maneno yote niliyokuwa nimeyakusudia yalikuwa mdomoni, nayaonja. Nikamtazama Kibwana, uso wake umeinuka, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu turudi.

"Ahsante, shemeji," nikasema.

Benki walimpa Twahir kadi nyingine. Kila mwisho wa mwezi huja nayo nyumbani, namwamkia, hunikabidhi niende mwenyewe Ukunda kutoa pesa za matumizi, naye hubaki na ndugu yake. Namba ya siri ni ileile. Huwa nasimama mbele ya mashine pale Ukunda nikijiuliza, binti yule wa benki akimpigia tena Twahir, atamwambia yuko wapi.

Nikirudi humkuta bado ameketi karibu na Kibwana, anamsomea habari za magazeti, na Kibwana amelaza kichwa chake begani kwake. Namrudishia kadi. Kibwana husikia bahasha ikifunguliwa, akaniuliza kila mwezi swali lilelile, kama nimemshukuru kaka yake.

Nami humjibu kwamba nimemshukuru.