Pepo Mzungu wa Mbeyu

Mbeyu hakuwa na pepo. Tuliseme hilo mapema, maana Kisauni nzima ilisema anaye, na mtu akishavikwa pepo Kisauni, kumvua ni kazi. Alichokuwa nacho ni matezi ya shingoni, makubwa, magumu, na daktari Mhindi wa hospitali ya kisiwani alimwambia yeye na mumewe, bila kuzungukazunguka, kwamba ni saratani. Dawa ipo, akasema. Ni sindano kali, ya mshipani, na kila akichomwa atalazwa. Itamtapisha vibaya. Lakini wakianza wasiachie njiani, la sivyo matezi yatarudi.

Mwaka huo watu hawakuwa na gumzo jingine ila Uhuru. Mbeyu yeye aligombana na tumbo lake. Sindano ya kwanza ilimtapisha chakula, ikamtapisha maji, ikamtapisha nyongo. Nzai, mumewe, mgema aliyezoea kupanda minazi mirefu bila woga, alimshikia beseni huku amefumba macho. Waliporudi nyumbani Mbeyu alikuwa hali, hasemi, amegeukia ukuta. Matezi yalikuwa yamenywea, lakini nani aliyetazama matezi? Watu walitazama mbavu.

Mama mkwe wake, Sidi, hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Mbeyu kuliko mabinti aliowazaa mwenyewe, na ndiyo sababu hakutulia. Akamwita Ruwa, mganga, pamoja na wapigaji wake wa kayamba.

Kayamba lenyewe ni mabua yaliyofungwa bapa, ndani mna mbegu. Ukilitikisa linachakarisha kama mvua juu ya makuti. Mganga huimba nyimbo za pepo, mmoja baada ya mwingine, wa Kiarabu, wa Kimasai, wa baharini, mpaka mgonjwa ainuke. Wimbo uliomwinua ndio unaomtaja pepo wake. Sasa Ruwa, mjanja yule, nyimbo zake nyingi hakuzitunga. Huu wa pepo mzungu aliuokota kwa wasichana wa kule Jibana, bara, waliokuwa wakiuimba wakipalilia mahindi, akabadili maneno tu.

Na Mbeyu alikuwa mmoja wa wasichana hao. Alasiri yote amekaa mkekani kama gogo, wimbo ule ulipoanza mabega yakamcheza yenyewe. Akainuka. Akacheza mpaka jasho likamtoka, akacheka, kisha akaomba wali. Akala sahani nzima na haikurudi.

"Mzungu!" Sidi akapiga kigelegele. "Ni pepo mzungu!"

Basi yakaisha hapo. Ugonjwa ni pepo, na sindano ndizo zinazomkasirisha. Hospitali hakuna tena.

"Mama, mimi nilifurahi tu," Mbeyu alisema. "Wimbo ule naujua tangu utotoni."

"Ehe, pepo hawakosi maneno," Sidi akamjibu kwa upole, akamfunika leso.

Mbeyu akamgeukia mumewe. "Nzai, Jumatatu ni siku ya sindano."

"Kule nimekuona ukifa," Nzai alisema. "Hapa nimekuona ukicheza. Wewe ungekuwa mimi ungempeleka mkeo wapi?"

Mbeyu alikasirika, akamgeuzia mgongo. Peke yake asingefika hata kwenye daraja la kuvukia kisiwani. Usiku alijipapasa chini ya taya, akahisi tezi moja ipo palepale, inangoja. Akaogopa, akalia kimya kimya asimwamshe mtu.

Jumapili Ruwa alirudi kumuuliza pepo haja zake. Hiyo ndiyo ada: pepo akisema anataka nini, hupewa, na hakuna wa kubisha, awe mume, awe mama mkwe. Mbeyu alikuwa ameliwaza jambo hilo siku kadhaa.

"Taireni!" Ruwa akaita, ile salamu ya kufungulia uganga.

"Za Mulungu!" watu wakaitikia, makayamba yakaanza.

Mbeyu akatetemeka, akapepesuka, akasimama na mikono kiunoni. Aliwahi kufua nguo kwa wazungu wa Nyali, na Kiswahili chao cha kuamrisha alikuwa nacho ulimini.

"Nani naita mimi?" akafoka. "Upesi! Mimi hapana ngoja!"

Ruwa akavua kofia. "Karibu, bwana. Tuambie haja zako."

"Mimi nataka sabuni ya kunukia. Nataka kikombe ya chai. Na kitanda ya chuma, shuka nyeupe!"

"Kitanda tutakitafuta, bwana, tukuletee..."

"Hapana! Mzungu gani nalala nyumba ya makuti? Nataka hospitali! Nataka daktari na sindano yake! Kesho asubuhi!"

Makayamba yakanyamaza. Ruwa akamtazama Sidi, Sidi akamtazama Ruwa. Miaka yote ile ya uganga, na leo pepo anaagiza sindano! Lakini Ruwa afanyeje? Akimkatalia huyu, kesho nani atawasikiliza pepo wengine?

"Mzungu huenda kwa daktari," Sidi akasema polepole. "Hilo kweli."

"Na kayamba iende," Mbeyu akaongeza, kwa sababu hakusahau ile sahani ya wali iliyokaa tumboni baada ya wimbo. "Kijana Nzai atapiga. Kila mara mimi nachomwa, yeye napiga!"

"Ndiyo, bwana," Nzai akasema, ameinamisha kichwa.

Basi wakavuka daraja. Muuguzi alikataa katakata, halafu akaruhusu kayamba lipigwe barazani, nje ya dirisha la Mbeyu, taratibu. Mbeyu alitapika, tusidanganyane. Lakini alipata kitu cha kufuata zaidi ya tumbo lake; alishika mdundo kwa vidole kwenye shuka, na dawa ikaingia yote. Nzai akipumzika, wanawake wa vitanda vya jirani wanamgombeza. Sindano ikafuata sindano, na kila mara Nzai alipiga wimbo wa pepo mzungu, ule ule, hakupiga mwingine.

Siku moja chupa ya dawa iliyoning'inia ilikuwa imefika nusu Nzai alipoacha kupiga. Akaingia, akasimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, kama watu wanavyosimama mbele ya pepo.

"Bwana," akasema kwa heshima, "wewe ndiye uliyejua tumlete huku. Niambie mimi kweli. Mke wangu atapona?"

Mbeyu alimtazama. Neno moja lingetosha, kwa sauti ile ya Nyali, na Nzai angelala usingizi ambao hakuulala kwa miezi. Akafungua kinywa. Hakuweza.

"Bwana hayupo, Nzai. Ni mimi."

"Ameondoka lini?"

"Hakuja kabisa."

Nzai akaitazama chupa, akautazama mlango. Mbeyu akajua kwamba mumewe akitaka kumrudisha nyumbani sasa, hakuna pepo wa kumzuia.

"Atapona, lakini?" akauliza tena, kwa sauti ndogo.

"Sijui. Daktari naye hajui. Ninaogopa, Nzai."

Nzai akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo muuguzi alilikataza. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Kumbe siku zote hizi nampigia nani?"

"Mimi."

Nzai akalitoa kayamba kwapani, akaliweka magotini.

"Hata sikukuuliza," akasema. "Unataka nikupigie wimbo upi?"

Mbeyu, aliyeagiza sabuni na kitanda mbele ya umati, sasa aliomba kwa sauti yake mwenyewe: "Ule ule, lakini kwa maneno yetu ya Jibana." Nzai akamngojea auanze.