Hotuba ya Baba Mkwe

Kamba zilikuwa zimeshafunguliwa na meli ya uvuvi imeshaipa gati kisogo, ndipo mzee alipomwona mkwe wake akitoka chumba cha injini, anafuta mikono kwa tambara. Angejua mapema angeshuka hata kwa kuruka, lakini maji yalikuwa yameshapanuka katikati, na yeye kuogelea hajui.

Kijana yule, mume wa binti yake wa pekee, alifungua mdomo kumwamkia. Mzee akawahi kutikisa kichwa. Kijana akaufunga.

"Hapa mimi na wewe hatujuani," mzee alimnong'oneza baadaye, wamejibanza nyuma ya rundo la nyavu. "Na nyumbani wasijue. Nimewaaga kwamba nimepata kazi ya kulinda ghala la saruji, mji wa mbali."

"Hata mke wangu asijue, baba?"

"Huyo hasa."

Mkwe aliinamisha kichwa. "Sawa, baba. Ila hapa mimi ndiye msimamizi wa sitaha. Nitakuamrisha. Utanisamehe."

"Niamrishe tu."

Basi msimu wa kiangazi ukaanza hivyo. Mzee alikuwa ameuza makochi na makabati maisha yake yote, mpaka duka lilipofungwa na tajiri wake akapotea bila kuaga. Alizunguka kutafuta kazi hadi soli zikaisha, na kila mlango aliobisha waliuangalia umri wake kabla ya kumtazama yeye. Nahodha wa meli hii ndiye pekee aliyemuuliza tu kama mgongo mzima. Akasema mzima, akiwa amevaa shati lililonyooshwa mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukukata. Mabaharia wakambatiza palepale: Mzee Pasi.

Kazi yake ilikuwa mezani, pale wavu unapomwagwa. Anachambua samaki, wakubwa kreti hii, wadogo kreti ile, taka zinarudi majini. Siku za mwanzo alitapika mpaka nyongo. Mikono ilichanika kwa mapezi, na chumvi ikaingia humo. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kila alipozidiwa, mkwe wake alitokea kama bahati mbaya, akanyanyua lile kreti zito na kuondoka bila neno. Akikaripia wengine, kwa mzee sauti ilishuka yenyewe.

"Msimamizi anakudekeza, Mzee Pasi," mpishi alimtania. "Umemloga nini?"

"Ananionea huruma," mzee alijibu, akijikausha.

Sasa huyu mpishi alikuwa mtu wa mzaha. Mchana mmoja bahari imetulia, wameshiba, akapanda juu ya kreti na kushika upawa kama maikrofoni.

"Mzee Pasi, wewe mgeni hujasikia. Hotuba ya baba mkwe wa msimamizi! Bandari nzima wanaijua."

"Acha hizo," msimamizi alisema.

"Ah, tucheke kidogo!" Mpishi akatunisha kifua, akaibana pua kwa vidole viwili. "'Waheshimiwa wageni! Binti yangu nimemlea kwa sabuni na manukato. Leo naambiwa nimkabidhi kwa harufu ya samaki! Fungueni madirisha ya ukumbi, tuvute hewa ya mwisho!'"

Wakaangua kicheko, wakapigana mabega. Na mzee naye akacheka. Akacheka kuwashinda, machozi yakamtoka, maana yale maneno yalikuwa yake, neno kwa neno. Aliyasema siku ya harusi ya binti yake, ukumbi umejaa, akidhani anachangamsha wageni. Hata ile pua aliibana kweli.

"Wewe una binti, Mzee Pasi?" mpishi akamuuliza akijifuta macho. "Ungeweza kusimama mbele za watu ukasema hivyo?"

"Mimi?" Sauti ilitoka kama si yake. "Mtu mwenye akili zake hawezi."

Mtu akiaibika hutamani ardhi ipasuke immeze. Huko hata ardhi ya kupasuka haikuwepo. Alitupa jicho upande wa mkwe wake, akamkuta anatazama chini, kana kwamba mwenye kosa ni yeye.

Jioni alimfuata kwenye winchi ya kuvutia nyavu.

"Ni wewe uliyewahadithia?"

"Hapana, baba. Binamu yangu alifanya kazi humu kabla yangu. Alikuwepo harusini."

"Na wewe ulisemaje?"

"Mimi nilicheka, kama wewe leo." Kijana akapaka grisi mahali palipokwisha kupakwa. "Aliyelia ni mama yangu mzazi. Alikwenda nyuma ya ukumbi, akakaa na shangazi mpaka keki ikakatwa. Nisingekuambia, lakini umeniuliza."

Mzee akarudi mezani kwake kuosha mbao ambazo zilikuwa safi tayari. Tangu siku ile aliacha kumkwepa mkwe wake macho, lakini neno la samahani lilimshinda. Kila akilianza, aliishia kuuliza habari za hali ya hewa.

Msimu wote walikuwa wakipakua samaki bandari za ugenini. Mwisho wakarudi pale walipoanzia. Mzee alikuwa amepanga: watu wakishuka yeye atabaki nyuma, apitie geti la malori, aoge mahali, afike nyumbani kama mlinzi wa saruji. Lakini meli ilipokaribia gati akaiona kanga aliyomnunulia mwenyewe. Binti yake alikuwa kaja kumpokea mumewe.

Mzee mzima akaingia stoo ya nyavu, akajikunyata. Kupitia mlango uliokuwa wazi kidogo alimsikia binti akicheka, kisha akiuliza: "Ulifanya kazi na watu gani safari hii?"

Mumewe akatafuta uongo, asiupate.

"Kulikuwa na... kulikuwa na mzee mmoja," mkwe alianza, akakwama.

Hapo mzee akaona sasa yamezidi. Amemtia aibu kijana wa watu ukumbini, na sasa anamfanya amdanganye mkewe mchana kweupe. Akausukuma mlango, akatoka na magamba kwenye nywele.

"Baba?"

Mpishi alikuwa anashuka ngazi na sufuria zake. Akasimama. Akamtazama binti, akamtazama msimamizi, akamtazama Mzee Pasi, akaziweka sufuria chini.

"Mzee... mimi sikujua. Wallahi sikujua."

"Uliigiza vizuri," mzee alisema. "Ila mimi pua niliibana kwa mkono wa kushoto."

Hakuna aliyecheka. Binti alimsogelea baba yake.

"Mama anakuombea kila siku huko kwenye ghala lako la saruji! Na wewe," akamgeukia mumewe, "ulijua!"

"Usimlaumu," mzee alisema. "Nilimlazimisha. Kosa ni langu, na lile la ukumbini pia ni langu." Akamgeukia mkwe wake mbele ya wote. "Nisamehe, mwanangu."

"Yamekwisha, baba."

"Hayajakwisha," binti alisema, akatangulia. Wanaume wawili wakamfuata na mabegi, kama wanafunzi waliofukuzwa darasani.

Nyumbani, mke wa mzee alimnunia wiki nzima. Alipoanza kumsemesha tena, mzee alipiga moyo konde akaenda kwa mama wa mkwe wake, peke yake. Mama yule alikuwa anaanua nguo. Alimpa kiti, akaendelea kukunja mashuka. Mzee akayasema yote, la ukumbini na la kuchelewa kuomba radhi, akiwa ameinamia magoti yake.

Mama akaliweka shuka la mwisho.

"Umetoka kuvua msimu mzima," alisema, "ndiyo umekuja kwangu mikono mitupu?"

Mzee akaitazama mikono yake. Hakuwa amewaza hilo hata kidogo.

"Nenda," mama alisema, akiingia ndani kuwasha jiko. "Soko halijafungwa."