Paja la Madoa

Mwaka ule ambao kila mtu mjini aliamriwa awe mkulima, hata karani asiyejua jembe linashikwa upande gani, tawi moja la chama la Kinondoni lilipewa shamba la ushirika huko Madale. Shamba lilikuwa na mwenyekiti, katibu, kamati chungu nzima na maksai mmoja aitwaye Madoa. Aliyefanya kazi ni huyo maksai, aliyekuwa akivuta mkokoteni wa maji kutoka mtoni.

Alikuwa wa Atuganile, mjane wa Kinyakyusa aliyemlea tangu ndama. Siku alipomtoa kwa ushirika alipigiwa makofi mpaka akaona haya. Tangu hapo Madoa akawa wa wote, ila kumlisha, kumnywesha na kumfukuzia mbung'o kukabaki kwa Atuganile peke yake.

Kisha likaja trekta la kuazima. Mwenyekiti Ansbert, bwana wa ofisini mwenye suti ya Kaunda isiyojua kujikunja, akataka apigwe picha akiliendesha, na hata baiskeli hakuwahi kuiendesha. Trekta likarudi kinyumenyume, likambana Madoa kwenye ukuta wa ghala na kumponda paja la nyuma. Kikao cha dharura kilitamka kwamba ng'ombe alikuwa amesimama mahali pasipo pake.

Mfupa haukuvunjika, lakini mguu ulikufa ganzi, ukwato ukajikunja, akawa anauburuta. Bwana mifugo, Projestus, alimchoma ncha ya sindano pajani kupima kama anahisi. Madoa akaendelea kucheua kama anayechomwa ni ng'ombe wa jirani.

"Mshipa wa fahamu umepondeka, haukukatika," Projestus akamwambia Atuganile. "Uzi wa ndani umekufa, ila ala yake ipo. Utaota upya kwa kufuata njia ileile, lakini polepole, kwa siku unasogea unene wa ukucha tu. Na paja litakonda kwanza, maana mnofu usiopata habari kutoka kwenye mshipa hunyauka. Mkande, umkunje na kumkunjua mguu kila siku. Atarudi, mama."

Kamati ya shamba ikaketi.

"Miezi yote hiyo?" Ansbert alifoka. "Taifa zima linakimbia, halafu mshipa wa ng'ombe utambae?"

Mjumbe mmoja akasema anayekula bila kufanya kazi ni kupe, na kupe hana nafasi kwenye ujamaa. Wenzake wakaafiki kwa sauti kubwa, ingawa viganja vyao vilikuwa laini kama vya watoto wachanga. Mwingine akauliza, kwa uchungu wa kizalendo, maini ya mnyama wa ushirika hugawiwa vipi.

Atuganile akasimama. "Ndugu Mwenyekiti, mkishamchinja hamna mwingine. Mvua zikikata, maji mtayabeba nyie?"

Shauri likaahirishwa palepale.

Basi akaanza kazi yake. Alichemsha maji, akalikanda paja kwa kitambaa na mafuta ya nazi, akaufunga mguu kwa banzi ili ukwato usijikunje. Watu wakamcheka kwamba anamkanda ng'ombe kama mzazi aliyejifungua jana. Paja likanywea hadi likabaki ngozi na mfupa, na kuna siku alikata tamaa kabisa, akaketi karibu na zizi akiwalaani Ansbert na trekta lake. Kesho yake akachemsha maji tena.

Asubuhi moja nzi alitua juu ya paja lile, na ngozi ikatetemeka. Atuganile alilia kwa furaha, akamkumbatia Madoa shingoni bila kujali nani anamwona. Baada ya hapo ukwato ukaanza kukanyaga, mnofu ukajaa kidogo kidogo, na mvua zilipokata Madoa alikuwa akivuta pipa la maji kana kwamba hakuna lililompata.

Ansbert naye hakulala. Alipeleka habari mkoani kwamba kwenye shamba lake hata mguu uliokufa hufufuka kwa siasa safi. Mkoa ukajibu kwamba mgeni mkubwa atakuja kuuona.

Hapo kamati zikachapa kazi kuliko wakati wowote wa kulima. Kamati ya shamba ikapanga ng'ombe aonyeshwe. Kamati ya mapokezi ikapanga mgeni ale nyama. Ila hapakuwa na kamati ya kuzikutanisha hizo kamati. Atuganile alitumwa Kinondoni kuazima masufuria, akaenda kwa moyo mkunjufu, akijua mgeni anakuja kwa ajili ya Madoa. Aliporudi na masufuria kichwani, akaona ngozi yenye madoa imeanikwa juu ya ua.

Akayatua masufuria, akaketi chini kando yake.

"Ng'ombe ni wa wote, ndugu," Ansbert alimwambia kwa upole, "na mgeni ni wetu sote."

Mgeni alikuja, akaimbiwa, akahutubiwa, akala. Alikula vizuri, akaomba aongezwe.

"Nyama laini hii!" alisema, akichukua kipande kingine. "Haya sasa, nionyesheni huyo ng'ombe wenu."

Wajumbe wakachunguza sahani zao. Ansbert akakohoa, kisha akasema, "Maelezo yatatolewa na mhusika, Ndugu Atuganile."

Atuganile akaja mbele, kanga yake ingali na masizi ya masufuria.

"Ndugu mgeni, karibu sana," alisema. "Mguu uliokuja kuuona ndo huo unaoutafuna. Paja lilikuwa limebaki fupa tupu, mie nikalikanda mpaka mnofu ukaota upya. Umesema laini, ni kweli kabisa. Hiyo nyama bado changa, haijamaliza hata msimu."

Katibu, kwa mazoea, akaanzisha makofi, na wajumbe wakamfuata. Mgeni alikuwa amelivimbisha shavu moja, hatafuni wala hatemi. Atuganile hakurudi kukaa. Alisimama palepale mbele yake, akingoja ameze.