Nguo Iliyokwisha Kuusikia Wimbo

Mwanga wa Brussels mwezi wa Oktoba ni mchoyo. Unachungulia juu ya mapaa ya mtaa wa Saint-Gilles, unagusa madirisha, unajiondokea kama mgeni aliyekataa hata maji. Alasiri ile uliingia ukumbini kupitia mlango wa nyuma, ukaangukia meza tupu katikati ya jukwaa. Mauwa akaitazama meza ile.

Meza tupu, mbao tupu. Na yeye, Mauwa wa Lubumbashi, binti wa Maman Pétronille, ndiye aliyetaka iwekwe pale.

Katika maonyesho yale ya muziki wa pande zote za dunia, waandaaji wa matamasha huja kutoka kila bara kuchagua watakaowaalika. Mwaka ule kamati ilimpa Mauwa, kwa mara ya kwanza, nafasi ya kuleta kundi moja. Moja tu. Mtaa mzima wa Wakongo ulishajua atamleta nani: tonton Ngoy, mjomba wa kila mtu, na gitaa lake, mwana wa Katanga, damu yetu. Naye Mauwa akaleta wanawake wa Uskoti. Wanawake wanaoloanisha nguo ya sufu, wakaizunguka meza, wakaipiga nguo hiyo ubaoni na kuiimbia hadi sufu ikaze.

Alichekwa, jamani. Alichekwa hadi kwenye ngazi za kanisa.

"Alors, nguo si tunafula kila siku?" mama yake alimwambia jikoni, bila kugeuka. "Batu yetu bote bale, haukuona hata mumoja? Sasa kanisani mi nitaficha uso wapi?"

Dirk naye, mwenyekiti wa kamati, mtu mpole wa maneno baridi, alimweleza kwamba ukumbi ukipoa, mwakani Mauwa atarudi kugawa beji mlangoni kama zamani.

Mauwa jibu alikuwa nalo, ila halikuwa jibu la kuipa kamati. Aliwahi kufika visiwani kwa wanawake wale, mvua ikipiga ubavuni, akaketishwa kwenye meza kama ile na kupewa upindo wa nguo. Mmoja anaimba, wote wanaitikia. Piga, sukuma, mpe jirani. Piga, sukuma, mpe jirani. Hakuelewa neno hata moja la Kigaeli chao, na alilia kama mtoto, kwa sababu alisikia shangazi zake wakitwanga.

Sasa wanawake wale waliingia. Mbele alikuwa Marsaili, kiongozi wao, mwenye mvi na mikono iliyokomazwa na kondoo na baridi. Nyuma yao alikuja mpwa wake Fearchar na fidla. Ukumbi ulikuwa nusu, na nusu hiyo ilikuwa imeinamia simu. Mstari wa mwisho, mikono kifuani, aliketi Maman Pétronille na wenzake wa kwaya ya parokia. Walikuja kwa sababu mtoto ni wako hata akikuaibisha.

Piga.

Sufu mbichi ikagonga ubao, ubao ukagonga sakafu, sakafu ikagonga nyayo za watu. Piga, sukuma, mpe jirani. Sauti ya Marsaili ikapanda peke yake, kavu, bila pambo, na sauti za wenzake zikaja chini yake zikaibeba. Fidla ikapita katikati kama upepo chini ya mlango. Simu zikashuka moja moja. Watu wakaanza kutikisa vichwa, kisha mabega, na kufikia wimbo wa mwisho hakuna aliyebaki ameketi.

Wimbo ulipokoma, ukumbi ulilipuka. Wakautaka tena. Uleule, tena.

Marsaili akatikisa kichwa.

Mauwa akakimbilia ukingo wa jukwaa. "Waimbie tena, nakuomba."

"Siwezi," Marsaili alisema kwa Kifaransa chake cha shule, bila ukali. "Wimbo hauimbwi mara mbili juu ya nguo moja. Nguo hii imeshausikia."

"Basi mwingine."

"Nguo imekaza. Tukiendelea tutaiharibu. Mama yangu hakufanya hivyo, wala bibi yangu."

Ndivyo walivyo watu wale: dunia nzima imesimama inawaomba, wao wanaiheshimu nguo. Mauwa alitaka kulia na alitaka kuwakumbatia. Makoti yakaanza kuvaliwa. Dirk akatazama saa yake. Mauwa akashika maikrofoni, akaueleza ukumbi mwiko ule kwa Kifaransa, kisha, bila kujua kwa nini, akaurudia kwa Kiswahili, akiangalia mstari wa mwisho.

Maman Pétronille akatoka mstarini.

Alikuwa amevaa vitenge viwili, kama mwanamke wa heshima avaavyo, kimoja kimeshonwa na kingine kimefungwa juu yake. Akashuka polepole kati ya viti huku akifungua kile cha juu. Akapanda jukwaani, akakitandaza mezani, rangi zote za Katanga juu ya mbao zile, akamimina maji ya chupa.

"Si ni nguo ndio ilishasikia?" alisema. "Bon. Hii yangu haiyasikia kitu."

Mauwa akatafsiri. Marsaili akakishika kitenge kati ya vidole, akakipima kama mnunuzi sokoni. Akacheka, akasogea kwenye benchi. Kwaya nzima ikapanda.

Piga. Kiitikio cha nyimbo zile hakina maneno, ni sauti tu za kujibu, basi hakuna wa kukikosea. Marsaili akaita, Lubumbashi ikaitika, Uskoti ikaitika, na watu waliokwisha kuvaa makoti wakayavua. Pazia lilitikisika. Dirk alikuja mbio, nyuma yake waandaaji wa matamasha wakisukumana, kila mmoja anataka kujua kundi hili litaalikwa vipi, na je, akina mama hawa nao wamo.

Mauwa akafungua mdomo kujibu. Mama yake akamvuta mkono.

"Huyu ni mutoto yangu," akawaambia wazungu wale kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Ni yeye alibaleta." Kisha, kwa binti yake, "Ikala. Shika huku."

Mauwa akaketi, akashika upindo wa kitenge cha mama yake, akapiga.